Barua kwa Okeyo

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani Roret miaka miwili nikichuna chai ya baba. Mwezi wa pili mwaka wa 1996 mchungaji wetu akaniambia kuna kazi mjini Kericho. Kamati ya makanisa ya mjini ilitaka kuandika habari za wageni. Si wageni wa kulala siku mbili na kuondoka, bali watu waliohamia mjini miaka ya karibuni. Wametoka wapi, wako wangapi katika chumba kimoja, wanafanya kazi gani, watoto wao wanasoma au hawasomi. Kamati ilikuwa imepata wafadhili wa kuchimba kisima kimoja na kufungua chekechea moja, na ilitaka kujua ni mtaa gani wenye shida kuliko mingine.

Tulichukuliwa vijana watano, kila mmoja na mtaa wake. Mimi nikapewa Bondeni. Jina langu ni Tecla Chepngeno, na ndilo lililoandikwa chini ya kila fomu ya Bondeni, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mkubwa wetu alikuwa Mwalimu Aron Kipkurui, mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya chini ambaye alivaa sweta hata jua likiwaka. Alitufundisha siku mbili katika ukumbi wa kanisa. Alisema, "Usimjibie mtu. Akinyamaza, ngoja. Akikataa, mshukuru uende mlango wa pili." Tukaitikia kama watoto wa darasa la tatu.

Bondeni ilikuwa safu nne za vyumba vya mabati kwenye mteremko, chini ya mji. Karibu wote waliokaa pale walitoka upande wa ziwa, Wajaluo. Kulikuwa na vibarua wa viwanda vya chai, mafundi wa viatu, akina mama wa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Wengine walikuja kutafuta kazi kama mtu yeyote anavyokuja mjini. Wengine walikuja mwaka wa tisini na mbili wakati wa vurugu, walipofukuzwa na watu wa kwetu kwenye laini za nyumba za wafanyakazi mashambani na kwenye vijiji vya mpakani, wakiwa na walichoweza kubeba kichwani. Hao wa pili nilijua habari zao. Kila mtu wa rika langu huku kwetu alizijua, na hakuna aliyezitaja mezani.

Siku ya kwanza nilimkuta msimamizi wa ploti, yaani wa vyumba vyote hivyo vya kupanga, kijana mmoja mnene aliyeitwa Phelix. Alinipa orodha ya wapangaji, jina moja kwa kila chumba, nami nikapita nikiandika namba kwa chaki kwenye milango. Moja mpaka arobaini. Kazi hiyo niliifanya vizuri. Langoni niliona bomba la maji, nikaliandika kwenye daftari. Sikulifungua kuona kama linatoa maji.

Nilipomaliza kuandika namba nilirudi mlango wa kwanza. Wanawake watano hivi walikuwa wamekaa hapo nje wakichambua mboga, na waliponiona wakaacha kuongea. Mmoja, mwanamke mrefu aliyefunga leso kiunoni, akaniuliza, "Wewe ni wa wapi, dada?"

"Wa Roret."

"Na mnatuandika tena?"

"Tena vipi, mama?"

"Mwaka ule wa vurugu, kule laini, kijana mmoja alipita na daftari kama hiyo yako. Akaandika nyumba zetu, nani anakaa wapi. Wiki mbili hazikuisha, wenye mishale wakaja."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anavyokueleza barabara ilipoharibika. Wenzake walinitazama wakingoja niseme kitu. Ningeweza kusema sisi ni watu wa kanisa. Ningeweza kusema pole. Badala yake nikasema nimesahau kalamu, ngoja niende niichukue. Kalamu ilikuwa mkononi. Wote waliiona.

Nilipanda ule mteremko haraka haraka na sikurudi tena Bondeni.

Nilikwenda Litein kwa shangazi yangu, ndugu ya baba, ambaye sisi tunamwita senge. Nikamwambia kazi ya kuzunguka imeisha, imebaki ya kuandika. Akanipa meza yake ya jikoni. Kwa siku nne nilikaa pale na orodha ya Phelix na fomu arobaini, nikazijaza zote kutoka kichwani mwangu.

Si kazi rahisi kama mtu anavyofikiri. Nilitumia kalamu tatu ili mwandiko uonekane wa siku tofauti. Fomu nyingine nilizikunja, moja nikaimwagia chai kidogo. Nikikwama, nilimwuliza senge bila kumwambia ninachofanya.

"Hawa watu wa ziwa hapa Kericho, wanafanya kazi gani hasa?"

"Si wako kiwandani wote? Kazi yetu yote wameshika wao," alisema, akiendelea kupukuchua mahindi. "Mshahara wanatuma kwao. Hapa wanakula samaki tu."

Nikaandika. Hayo ndiyo niliyoyasikia tangu nikiwa mtoto, kwenye soko, kwenye foleni ya kupima chai, hata nje ya kanisa baada ya ibada, na sikuwahi kujiuliza nani alihesabu. Kwa hiyo watu wangu wa Bondeni wengi walikuwa na kazi ya kudumu. Watoto wao walikuwa shuleni. Maji yao yalitoka kwenye bomba la ploti.

Mlango wa kumi na saba, orodha ilisema Okeyo. Huyo nilimpa maisha mazuri kuliko wote, sijui kwa nini. Pengine nilikuwa nimechoka. Nilimwandikia miaka thelathini na minane, ameoa, watoto wanne wote shuleni, fundi wa mitambo kiwandani, kazi ya kudumu, anajua kusoma na kuandika Kiswahili na Kiingereza. Swali la mwisho la fomu lilikuwa kama mtu ana mpango wa kurudi alikotoka. Nikaandika: Hapana.

Mwezi wa tano hesabu zikatoka. Kati ya mitaa yote mitano, Bondeni ilionekana ndiyo yenye nafuu kubwa. Kisima kikapelekwa mtaa mwingine, upande wa juu, na chekechea pia. Mimi kwa sababu kazi yangu ilikuwa safi nikabakizwa ofisini niwe karani. Baba alisimama kanisani Roret akamshukuru Mungu kwa ajili yangu mbele ya watu. Nilikuwa nimekaa safu ya akina dada, nikainamisha kichwa, na waumini wakadhani ni unyenyekevu.

Mwezi wa sita Mwalimu Aron alisema si vizuri kamati iamue mambo ya wageni bila mgeni hata mmoja kuketi ndani yake. Akapitia mafaili siku nzima akitafuta mtu mwenye kazi imara na elimu kidogo, anayeweza kuwasemea wenzake. Jioni akaja mezani kwangu na fomu moja mkononi.

"Huyu Okeyo," alisema. "Unamkumbuka?"

Nilisema namkumbuka.

"Ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu mzuri, Mwalimu. Mpole."

Ukishaanza, mdomo unaendelea wenyewe. Aliandika barua kwa taipureta, akatia sahihi na mhuri, akanipa. "Peleka wewe. Mnajuana tayari."

Nilifikiria kuitupa barua ile mtoni. Nikafikiria kusema Okeyo amehama. Lakini nikajiambia: nitampa barua, atashangaa kidogo, atakubali au atakataa, na atakayekuja ofisini hatajua niliandika nini. Jumamosi asubuhi nikateremka Bondeni.

Mlango wa kumi na saba, chaki yangu ilikuwa bado inaonekana. Mwanamke mwembamba wa miaka kama thelathini na tano alikuwa nje akipima omena kwa kikopo na kuzimimina kwenye karatasi. Binti wa miaka kumi alikuwa anakunja karatasi hizo. Sikuwa nimewahi kuwaona, wala wao mimi.

"Habari, mama. Namtafuta Bwana Okeyo. Nimeleta barua yake."

Kikopo kilibaki hewani. "Barua ya nani?"

"Ya Okeyo. Kutoka ofisi ya kamati ya makanisa."

Alisimama. Omena zilimwagika miguuni pake na hakuzitazama. Akanawa mikono upesi kwenye karai, akaifuta kwa leso, akaichukua barua kwa mikono miwili. Hakuifungua. Akampa binti yake. "Soma, Jerusa. Soma polepole."

Binti alisoma vizuri, kwa sauti ya shule. "Kwa Bwana Okeyo. Kutokana na maelezo uliyotupa mwezi wa tatu mwaka huu, ulipozungumza na karani wetu..."

"Ngoja," mama yake alisema. "Hapo. Rudia hapo."

"Maelezo uliyotupa mwezi wa tatu mwaka huu."

Yule mama alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mtu mwembamba vile. "Mwezi wa tatu? Huu uliopita? Mmemwona? Mmempata wapi?"

Sikuelewa. Milango mingine ilianza kufunguka. Alipaaza sauti kwa Kijaluo na yule mwanamke mrefu wa leso akaja mbio. Jina lake lilikuwa Syprose. Alikaa mlango wa kumi na nane. Yeye ndiye aliyenieleza, huku mwenzake akirukaruka pale kama msichana.

"Eucabeth hajamwona mume wake miaka minne. Tulipokimbia kule laini walikuja wote hapa, Okeyo akakodisha hiki chumba. Siku ya tatu akasema anarudi kuchukua cherehani ya mke wake na blanketi. Hakurudi. Hakuna maiti, hakuna habari. Chumba kiko kwa jina lake mpaka leo, ati akirudi akiuliza apate kuonyeshwa." Kisha Syprose akanitazama vizuri, na nikajua amenikumbuka. "Ni wewe uliongea naye?"

Nilipaswa kusema pale pale. Watu walikuwa kumi, kumi na watano, na wengine wanakuja. Mama mmoja mzee alishaanza kupiga vigelegele. Jerusa alikuwa ameikumbatia barua kifuani, ananiangalia.

"Mimi sijui," nilisema. "Mimi nimetumwa tu. Ulizeni ofisini Jumatatu."

Nikaondoka. Mara ya pili nilipanda ule mteremko nikiwakimbia watu walewale.

Jumatatu walinitangulia. Nilipofika saa mbili kasorobo walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje, Eucabeth katika gauni la kitambaa cheupe lililopigwa pasi, Jerusa katika sare ya shule, na Syprose. Mwalimu Aron aliwakaribisha ndani, akawapa viti. Eucabeth hakukaa.

"Mwalimu," alisema, "naomba tu nijue alikuwa na hali gani. Alikuwa mzima? Alikuwa na miguu yake yote?"

Mwalimu hakuelewa pia, ila alikuwa mtu wa kusikiliza. Alimwacha aeleze yote tangu mwanzo. Alipomaliza, Mwalimu alikwenda kwenye kabati, akatoa faili la Bondeni, akafungua fomu ya kumi na saba, akaisoma kimya. Akaangalia sahihi ya chini. Kisha akaangalia fomu ya kumi na sita, na ya kumi na nane, na nyingine kadhaa. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango nikiwa bado na mfuko wangu begani.

"Tecla," alisema, "huyu mtu ulimwona?"

Niliushusha mfuko sakafuni. "Sikumwona, Mwalimu."

"Uliongea na nani katika chumba hicho?"

"Hakuna mtu."

"Na cha kumi na nane?"

"Hakuna."

"Na cha kwanza?"

"Hakuna, Mwalimu. Zote. Niliziandika nyumbani."

Mwalimu alifunga faili. Hakunifokea, na ningependa angefoka. Alivua miwani akaiweka mezani akakaa akiangalia mikono yake, kama kwamba yeye ndiye amefanya.

Eucabeth alikuwa bado hajaelewa, au alikuwa hataki. "Kwa hivyo alikuwa wapi mlipoongea?"

"Mama Jerusa," nilisema, "sikuongea naye. Simjui. Nilipata jina kwa Phelix, hayo mengine nikatunga."

"Ukatunga."

"Ndiyo, mama."

Alinyoosha mkono kwa Mwalimu. "Nipe hiyo karatasi nijue ametunga nini." Mwalimu alisita, akamwambia hakuna haja. "Ni ya nyumba yangu," Eucabeth alisema. "Asome yeye."

Kwa hiyo nilisoma. Nilisoma umri wa Okeyo, na Eucabeth akasema, "Ana arobaini na mbili." Nilisoma watoto wanne, naye akamvuta Jerusa karibu. Nilisoma fundi wa mitambo. "Alikuwa anachuna majani," alisema. "Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu, hautoki hata kwa sabuni." Nilisoma maji ya bomba, Syprose akacheka kicheko kibaya. "Bomba hilo halijatoa maji tangu nihamie. Tunanunua kwa mkokoteni. Ndiyo maana kisima kimeenda juu, kumbe!"

Nikafika swali la mwisho. Ana mpango wa kurudi alikotoka? Nilisoma swali, jibu sikulisoma.

"Umeandika nini hapo?" Eucabeth aliuliza.

"Hapana."

Alikaa kwenye kiti ambacho alikuwa amekikataa. Jerusa ndiye aliyeanza kulia, kimya kimya, bila kuinua mkono kujifuta.

Hatimaye Eucabeth alisema, si kwangu, kwa Mwalimu, "Nilishatuma neno kwa mama yake kule Nyakach. Jana, na mtu wa omena anayepita Sondu. Nimemwambia kijana wake yuko hai, na kwamba kesho namletea habari zake zote."

Wakati ule hapakuwa na simu ya kumpigia mama mzee kijijini. Neno likishatoka limetoka. Nilisikia nikisema kwamba nitakwenda mimi. Mwalimu aliinua kichwa. Syprose alisema, "Wewe? Uende Nyakach peke yako ukawaambie nini?" Lakini Eucabeth akasema, "Ataenda na mimi. Kesho."

Tuliondoka asubuhi. Njia nzima hatukuzungumza isipokuwa mara moja, gari lilipoteremka kutoka kwenye chai na joto likaanza, aliponiambia nifungue sweta. Kutoka barabarani tulitembea kama saa moja. Nilikuwa nimepanga maneno. Nitasema jina langu, nitasema nilichofanya, nitapiga magoti.

Tulipokaribia boma niliona viti. Walikuwa wameazima viti kwa majirani na kuvipanga mbele ya nyumba. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka udongo unang'aa. Kulikuwa na watu zaidi ya arobaini, wanaume kwa wanawake, na nyuma ya nyumba moshi wa jiko la kupikia wengi. Mama yake Okeyo alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa, nyeupe na mkanda wa buluu. Alitupita sisi wawili kwa macho, akatazama njia nyuma yetu, kama kuna mtu wa tatu anakuja taratibu. Akaendelea kutazama.

Hilo ndilo ninaloliona hata leo. Mengine yamefifia.

Tulipewa viti. Nikasimama, nikasema kwa Kiswahili, "Jina langu ni Tecla. Ninatoka Roret. Mimi ndiye niliyeleta habari kwamba Okeyo ameonekana, na habari hiyo ni ya uongo. Sikumwona. Niliandika uongo kwenye karatasi ya kazi kwa sababu niliogopa kwenda kuuliza. Naomba mnisamehe." Kisha nikapiga magoti.

Wengi hawakujua Kiswahili. Wachache waliojua walikuwa wanaume wa nyuma, na walikuwa mbali, na sauti yangu ilikuwa ndogo. Wote walimgeukia Eucabeth awaambie. Naye akasimama akawaambia kwa Kijaluo, kwa muda mrefu kuliko mimi, mkono wake mmoja ukiwa begani kwangu. Sikuelewa hata neno. Nilisikia jina la Okeyo mara mbili, na jina langu sikulisikia.

Wanawake waliangua kilio. Mama yake Okeyo hakulia. Aliuliza swali moja, Eucabeth akamjibu, na mama akaitikia kwa kichwa. Wanaume walinuna, wakatikisa vichwa, mmoja akatema mate pembeni, lakini hakuna aliyenigusa. Baadaye yule mama akaja nilipokuwa, akaniinua kwa mkono, akaniketisha, na wakaniletea chakula. Kilikuwa kuku waliyekuwa wamemchinjia mwanawe. Nilikula. Kukataa kungekuwa tusi jingine.

Tukirudi barabarani nilimwuliza Eucabeth, "Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ofisi ilikosea jina. Kuna Okeyo mwingine, karatasi zikachanganyika. Na kwamba wewe umetumwa kuomba msamaha kwa niaba ya wakubwa."

Nilisimama. "Kwa nini? Mimi nilikuwa nimesema ukweli."

"Ulisema ukweli kwa lugha yenye hawajui," alisema bila kusimama, ikabidi nimfuate. "Wewe ni mtoto wa kule. Wale wanaume uliowaona nyuma, wawili wamezika ndugu zao mwaka ule. Ungetoka pale vipi? Na usidhani nimekufanyia wewe. Mama amesumbuka vya kutosha, sitaki damu kwenye boma lake. Na nitarudi Bondeni kwa mtoto wangu, nikaishi na watu wenu."

Baada ya hatua nyingi akaongeza, "Mama ameniuliza kama huyo Okeyo mwingine ana mama. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi kuna mama mmoja anafurahi."

Jumatano niliandika barua ya kuacha kazi. Mwalimu Aron aliisoma akaiweka chini ya kitabu. "Utaacha," alisema. "Lakini kwanza utamaliza kazi uliyopewa mwezi wa tatu." Akanipa fomu arobaini tupu.

Nilikaa Bondeni wiki mbili na nusu. Kila mlango nilianza kwa kusema mimi ni nani na nilifanya nini. Wengine walinicheka. Mzee mmoja fundi viatu alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kushona, akasema, "Uliza basi." Eucabeth alijibu maswali yote akiwa amesimama mlangoni, kwa maneno machache, kama anajibu afisa. Hakunikaribisha ndani, na sikutazamia anikaribishe. Kwenye nafasi ya mkuu wa nyumba alisema, "Andika Okeyo." Maagizo yalikataza kumwandika mtu asiyeonekana kwa zaidi ya miezi sita. Niliandika Okeyo, na pembeni nikaeleza kwa nini.

Katika vyumba thelathini na tisa vilivyonijibu nilikuta watu mia moja na themanini na sita. Wenye kazi ya kudumu walikuwa sita. Wengine walikuwa vibarua wa msimu, wanaofanya kazi majani yakiwa mengi na kukaa yakipungua, na akina mama wa biashara ndogo za omena, mboga, na kufua nguo za watu. Vyumba kumi na tisa viliongozwa na wanawake. Watoto wa umri wa chekechea walikuwa thelathini na moja, na wanaosoma wawili. Waliokimbia mwaka wa tisini na mbili walikuwa zaidi ya nusu. Na katika wote, waliokuwa wakituma kitu nyumbani kila mwezi walikuwa wanne.

Syprose alikataa. Alinisikiliza mwanzo hadi mwisho akiwa ameegemea mlango wake, kisha akasema, "Mimi hutaniandika," akafunga. Nilimshukuru kupitia mabati, nikaenda mlango wa pili.

Mwalimu Aron alipeleka hesabu mpya kwa kamati na kueleza mbele ya wachungaji wote kwamba zile za kwanza zilikuwa za uongo na kwamba yeye alizipitisha. Hakunitaja. Lakini kisima kilikuwa kimeshachimbwa huko juu, wafadhili wakasema fedha za mwaka ule zimekwisha. Kamati ilitoa ukumbi wa kanisa kwa chekechea ya asubuhi tu. Kuhusu maji, wakaahidi kulizungumzia. Nilirudi Roret. Baba aliniuliza kwa nini kazi imeisha upesi hivyo, na ilinichukua mpaka Krismasi kumwambia. Aliposikia aliondoka mezani akaenda kukaa na ng'ombe.

Jumapili iliyofuata alinikataza kumfuata kanisani asiulizwe habari zangu. Nilimwambia nitakwenda, na wakiniuliza nitajibu mwenyewe.